Upungufu wa nguvu za kiume: jinsi unavyopimwa na kutibiwa

Wanaume wengi ambao uume wao umeacha kusimama vizuri hupita kwanza sokoni, kwa muuza mizizi au kwenye kibanda cha dawa. Kituo cha afya hukifikia baadaye sana, na wengine hawakifikii kabisa. Mwanamume ananyamaza, analala mapema au anachelewa kurudi nyumbani, na mke anaanza kufikiri kuna mwanamke mwingine. Ndoa nyingi zimeingia matatani kwa jambo ambalo lingeweza kupimwa na kutibiwa.

Makala hii inaeleza tatizo hili ni nini, linasababishwa na nini, utaulizwa na kupimwa nini ukienda kituoni, na tiba zipi zinafanya kazi. Tumeiandika kwa wakimbizi na wenyeji wanaoishi katika makazi ya Uganda kama Nakivale, Rwamwanja, Kyaka II na Kyangwali. Msomaji aliye Dzaleka, Nyarugusu au Kakuma ataona kwamba utaratibu wa kituo unaweza kutofautiana, lakini mambo ya mwili ni yale yale.

Jambo la kwanza la kukumbuka ni hili: uume kutosimama mara nyingi ni dalili ya ugonjwa mwingine, hasa kisukari, presha au ugonjwa wa moyo. Anayekimbilia kidonge bila kupimwa anaweza kuzima dalili huku ugonjwa wenyewe unaendelea kumla.

Tatizo hili ni nini hasa?

Tunasema mwanamume ana upungufu wa nguvu za kiume ikiwa uume hausimami, au unasimama lakini haukazi vya kutosha au hauendelei kusimama hadi mwisho wa tendo la ndoa, na hali hiyo imerudia kwa miezi mitatu au zaidi. Kushindwa siku moja kwa sababu ya uchovu, pombe au mawazo si ugonjwa. Humpata karibu kila mwanamume.

Usichanganye tatizo hili na mengine. Kumwaga mbegu mapema ni tatizo tofauti, na lina tiba yake. Kukosa hamu ya tendo la ndoa ni jambo lingine pia. Na mwanamume ambaye uume wake hausimami si lazima awe tasa, kwa sababu mbegu zake zinaweza kuwa nzima kabisa.

Tatizo hili si la wachache. Utafiti mkubwa uliofanyika katika jimbo la Massachusetts, Marekani, na kutangazwa mwaka 1994, uliwauliza wanaume wa miaka 40 hadi 70. Asilimia 52 kati yao walikuwa na tatizo hili kwa kiwango fulani, wengine kidogo, wengine kikubwa. Linaongezeka kadiri umri unavyosonga, lakini vijana nao hupata.

Uume husimamaje?

Ndani ya uume kuna mirija miwili mirefu yenye nyama laini kama sponji. Mwanamume anapopata hamu, ubongo hutuma ujumbe kupitia uti wa mgongo na neva hadi kwenye uume. Kemikali iitwayo oksidi ya nitriki hutolewa, mishipa ya damu hulegea na kupanuka, damu huingia kwa wingi na kujaza ile sponji. Sponji iliyojaa hubana mishipa ya kutolea damu, na hivyo damu hubaki ndani na uume hukaza.

Kwa hiyo mambo manne lazima yafanye kazi pamoja: akili, neva, mishipa ya damu na homoni. Kimoja kikiharibika, uume hulegea.

Mishipa ya damu ya uume ni myembamba kuliko ile inayolisha moyo. Mishipa ikianza kuziba au kukakamaa mwilini, ile myembamba ndiyo huonyesha kwanza. Ndiyo maana kwa wanaume wengi uume huanza kulegea miaka michache kabla ya maumivu ya moyo kutokea. Mwanamume anayekwenda kupimwa mapema anaweza kuokoa zaidi ya ndoa yake.

Sababu zake

Sababu za mwilini ni pamoja na hizi:

- Kisukari. Sukari nyingi huharibu neva na mishipa midogo. Katika utafiti wa Massachusetts, tatizo kali lilikuwa karibu mara tatu zaidi kwa wenye kisukari.
- Presha ya kupanda, mafuta mengi kwenye damu na ugonjwa wa moyo.
- Sigara na tumbaku, ambazo hubana na kuharibu mishipa.
- Pombe nyingi, ikiwemo waragi. Kidogo huondoa aibu, lakini kwa wingi na kwa miaka huharibu neva, ini na homoni.
- Majeraha ya mgongo, nyonga au sehemu za siri, na upasuaji wa tezi dume.
- Upungufu wa homoni ya kiume, testosteroni.
- Magonjwa ya figo na ini.

Baadhi ya dawa nazo huleta tatizo hili. Miongoni mwake ni atenolol, propranolol na bendrofluazide zinazotumika kwa presha, amitriptyline na fluoxetine za sonona, na chlorpromazine na haloperidol zinazotumika kwa magonjwa ya akili. Ukiona tatizo limeanza baada ya kupewa dawa mpya, mwambie tabibu ili akubadilishie. Usiache dawa ya presha au ya akili kwa uamuzi wako, kwani kuacha ghafla kunaweza kuleta hatari kubwa kuliko hili ulilonalo.

Sababu za moyoni na akilini nazo ni za kweli. Hofu ya kushindwa tena ndiyo ya kawaida zaidi: mtu alishindwa mara moja, mara ya pili anaingia kitandani akijipima badala ya kumfurahia mwenzake, na hofu hiyo yenyewe inazuia damu kwenda inakotakiwa. Kuna sonona, ugomvi wa ndoa, madeni, mgao wa chakula uliopunguzwa, na mawazo juu ya ndugu waliobaki nyumbani. Kuna pia jambo ambalo watu hawalisemi: nyumba ya chumba kimoja, watoto wanalala hatua mbili kutoka kitandani. Mwili hauwezi kutulia pale ambapo masikio yako yanasikiliza kama mtoto ameamka.

Kwa waliopitia mateso au ukatili wa kingono

Baadhi ya wanaume walioko makazini walipigwa, waliteswa au walibakwa vitani, kizuizini au njiani. Wengine walilazimishwa kutazama wake zao au mabinti zao wakitendewa. Baada ya hayo, uume unaweza kukataa kusimama kwa miaka, ama kwa sababu ya majeraha yenyewe, ama kwa sababu kila ukaribu unarudisha picha za siku ile.

Kama wewe ni mmoja wao, jua mambo matatu. Kosa ni la aliyetenda, si lako. Kilichotokea hakikuondoa uanaume wako. Na hata kama mwili ulionyesha dalili fulani wakati wa kitendo, hiyo ilikuwa neva ikifanya kazi yake yenyewe, haina maana kwamba ulikubali.

Msaada upo wa aina mbili, na mara nyingi zote zinahitajika: matibabu ya majeraha ya mwili, na ushauri nasaha kwa ajili ya ndoto mbaya, hofu na kumbukumbu. Muulize tabibu akuelekeze kwa mshauri wa afya ya akili. Nchini Uganda, Refugee Law Project imefanya kazi kwa miaka mingi na wanaume waliopitia ukatili wa kingono vitani. Huna lazima ya kusimulia kila kitu siku ya kwanza. Inatosha kusema, "Niliumizwa sehemu za siri wakati wa vita."

Ukienda kituoni utaulizwa nini?

Katika makazi ya Uganda, vituo vya afya huhudumia wakimbizi na wenyeji pamoja. Ukifika mapokezi huna haja ya kutaja tatizo mbele ya foleni. Sema tu, "Nina shida ya kiume, naomba kuzungumza na tabibu faraghani." Ukitaka tabibu au mkalimani mwanamume, omba. Kama mkalimani ni jirani yako na unaona haya, omba mwingine, au nenda na mtu unayemwamini. Mhudumu na mkalimani wote wanatakiwa kutunza siri yako.

Jiandae kwa maswali haya, maana majibu yake ndiyo nusu ya vipimo:

- Tatizo lilianza lini? Ghafla au polepole?
- Je, uume husimama wenyewe alfajiri unapoamka?
- Hutokea kila mara, au kwa mtu mmoja au mahali fulani tu?
- Hamu ya tendo la ndoa bado ipo?
- Unatumia dawa gani, pamoja na mitishamba? Ni vizuri kubeba paketi zake.
- Unakunywa pombe au kuvuta sigara kiasi gani?
- Umewahi kuumia, kupasuliwa, kuumwa kifua au kupata kiharusi?

Swali la alfajiri lina maana yake. Uume unaosimama vizuri wakati wa kuamka huonyesha kwamba mishipa na neva bado ni nzima, na huenda sababu iko zaidi kwenye mawazo. Tatizo lililoanza polepole, likazidi mwezi hadi mwezi, na asubuhi nako hakuna kitu, huelekeza zaidi kwenye mwili. Kwa wanaume wengi sababu zote mbili huchanganyika.

Baada ya maswali, tabibu atapima:

- Presha. Ikiwa 140/90 au zaidi katika siku tofauti, ni presha ya kupanda.
- Sukari ya asubuhi kabla ya kula. Kiwango cha 7.0 mmol/L (au 126 mg/dL) au zaidi, kikithibitishwa kwa kipimo cha pili, ni kisukari.
- Uzito na ukubwa wa tumbo.
- Korodani na uume, kuangalia uvimbe, kovu au kupinda.
- Mafuta kwenye damu na testosteroni, pale vipimo hivi vinapopatikana. Damu ya testosteroni huchukuliwa kati ya saa moja na saa tano asubuhi, kwa sababu homoni hii hushuka mchana.

Presha na sukari ni vipimo rahisi. Hata kama kituo hakina dawa ya nguvu za kiume, vipimo hivyo viwili peke yake vina faida ya kukufanya uende.

Tuchukue mfano. Baba wa miaka 47 ananunua vidonge kibandani kwa miezi minane. Vinamsaidia, halafu vinaacha. Anakunywa maji mengi na kuamka usiku kukojoa, lakini anadhani ni joto. Anakuja kituoni siku kidonda cha mguuni kinapokataa kupona, na sukari yake inakutwa juu sana. Kama angepimwa mwezi ule wa kwanza, kidonda kingeweza kuzuiwa.

Tiba

1. Kutibu chanzo na kubadili maisha

Kudhibiti sukari na presha, kuacha sigara na kupunguza pombe ni tiba, si mawaidha tu. Mazoezi nayo yamethibitishwa: takriban dakika 40 za mazoezi ya kutoa jasho, mara nne kwa wiki, kwa miezi sita, hupunguza tatizo kwa wanaume wenye presha, unene au ugonjwa wa moyo. Kutembea kwa haraka kwenye vilima, kuendesha baiskeli na kucheza mpira vyote vinahesabiwa.

2. Mazungumzo na ushauri

Pale hofu au mawazo yanapohusika, mshauri huweza kuwaelekeza mume na mke kupumzika na tendo lenyewe kwa wiki chache. Katika muda huo hushikana, hupapasana na kuzungumza bila kudaiana chochote. Mzigo wa "lazima nifaulu leo" ukiondoka, mara nyingi mwili hurudi wenyewe. Wengine huhitaji dawa na ushauri kwa pamoja.

3. Vidonge

Dawa zinazojulikana zaidi ni sildenafil, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1998 kwa jina la Viagra, na tadalafil, iliyofuata mwaka 2003. Siku hizi zipo za makampuni mengi, kwa hiyo soma jina la dawa lenyewe kwenye paketi. Vidonge hivi havileti hamu. Husaidia damu kuingia na kubaki wakati hamu ipo, kwa hiyo ukimeza kisha ukaketi ukisubiri muujiza, hautakuja.

Kwa kawaida sildenafil huanzwa kwa miligramu 50, saa moja hivi kabla ya tendo, na si zaidi ya mara moja kwa siku. Tabibu anaweza kupandisha hadi 100 au kushusha hadi 25, hasa kwa wazee na wenye ugonjwa wa ini au figo. Chakula chenye mafuta mengi huichelewesha. Tadalafil huweza kusaidia hadi saa 36. Usiseme dawa imeshindwa kabla ya kuijaribu ipasavyo mara sita hadi nane, kwa siku tofauti. Maumivu ya kichwa, uso kuwaka, pua kuziba na kiungulia hutokea na hupita.

Dawa hizi huenda zisiwepo kituoni, ukalazimika kuzinunua. Omba uandikiwe, kisha nenda duka la dawa lenye kibali.

Usimeze vidonge hivi kabla ya kuzungumza na tabibu ikiwa:

- Unatumia dawa za moyo za kundi la nitrati, kama glyceryl trinitrate ya kuweka chini ya ulimi au isosorbide. Zikikutana, presha huanguka ghafla na mtu anaweza kufa.
- Umepata kiharusi au mshtuko wa moyo miezi ya karibuni, au kifua huuma ukijitahidi. Kama huwezi kutembea kilomita moja na nusu kwa dakika 20 bila kuumwa kifua au kukosa pumzi, pimwa moyo kwanza.
- Unatumia dawa za VVU zenye ritonavir, kama zile za lopinavir au atazanavir. Ritonavir hufanya sildenafil ijae mwilini, na kipimo hakitakiwi kuzidi miligramu 25 ndani ya saa 48. Dolutegravir haina shida hiyo.
- Unatumia rifampicin kwa kifua kikuu, ambayo hupunguza nguvu ya vidonge hivi. Usiongeze dozi mwenyewe.
- Una selimundu. Wewe uko katika hatari zaidi ya uume kukataa kulala.

Ukipata maumivu ya kifua baada ya kumeza, nenda hospitali na useme wazi umemeza nini na saa ngapi. Hiyo si saa ya aibu, kwa sababu daktari asipojua anaweza kukupa nitrati.

4. Tiba za hospitali kubwa

Vidonge vikishindwa, kuna pampu ya kuvuta hewa inayojaza damu kwenye uume na mpira wa kuizuia, ambao hautakiwi kukaa zaidi ya dakika 30. Kuna sindano ya alprostadil inayochomwa kwenye uume wenyewe baada ya kufundishwa, na mwisho kabisa upasuaji wa kuweka kifaa ndani. Homoni ya testosteroni hutolewa tu kwa aliyepimwa na kukutwa nayo pungufu. Ukiitumia bila upungufu, inaweza kukausha mbegu zako.

Mizizi, unga na vinywaji vya nguvu

Mzizi wa mulondo, unaoitwa mukombero magharibi mwa Kenya, hutafunwa na wengi. Tafiti zake nyingi zimefanywa kwa wanyama, hivyo hauwezi kuchukua nafasi ya matibabu. Hatari kubwa zaidi iko kwenye unga na vinywaji vinavyoitwa "vya asili" lakini vimechanganywa na dawa ya hospitali kwa siri. Mwaka 2019 nchini Zambia, vipimo vilionyesha kwamba kinywaji kimoja cha kuongeza nguvu kilikuwa na sildenafil ndani yake. Uchunguzi ulitokana na malalamiko kutoka Uganda, ambako mtumiaji mmoja alitokwa jasho mfululizo na uume wake ukasimama kwa karibu saa sita. Mwenye ugonjwa wa moyo akinywa kitu kama hicho, hajui hata anachokunywa.

Ngiri, punyeto na uchawi hutajwa sana. Ngiri ni ugonjwa wa upasuaji na kwa kawaida hailegezi uume. Hakuna ushahidi kwamba punyeto huua neva. Na anayesema mkeo "amekufunga" anaweza kukuvunjia ndoa kabla hujapima sukari.

Kimbilia hospitali mara moja ikiwa:

- Uume umesimama kwa muda wa saa nne au zaidi bila kulala, hata kama hauumi sana. Ukichelewa, unaweza kuharibika moja kwa moja.
- Umepoteza kuona au kusikia ghafla baada ya kumeza kidonge.
- Uume umelegea ghafla pamoja na miguu kufa ganzi au kushindwa kuzuia mkojo.
- Uume umepata pigo, ukasikia mlio, ukavimba na kuwa mweusi.

Kwa mke au mwenzi

Uume kutosimama hakumaanishi kwamba hakupendi au ana mwingine. Usimcheke, na usilipeleke jambo hili kwa majirani. Chagua saa tulivu, nje ya kitanda, umwambie, "Baba fulani, naona unahangaika. Twende tukapime wote presha na sukari." Kwenda wawili humpunguzia aibu, na wewe pia utajua hali yako.

Kumbuka

Hatua ya kwanza ni kupima presha na sukari. Ya pili ni kumwambia tabibu ukweli kuhusu dawa zote, pombe na yaliyokupata. Ya tatu ni kutumia dawa uliyoandikiwa, kwa kipimo ulichopewa. Kama hujui pa kuanzia, mhudumu wa afya wa kijiji (VHT) anaweza kukuambia siku na saa za kliniki ya kisukari na presha kwenye kituo chako. Si lazima umweleze kwa nini unauliza.